UZI: Begi la kupandia Kilimanjaro, nini kipande na nini kibaki nyumbani

Mkazi wa Tabata

Habari zenu wakuu. Tangu nirudi naulizwa sana inbox, nikimjibu mmoja anakuja mwingine na swali lile lile, ndo nimeona niweke uzi kabisa ili anayejiandaa kupanda, hasa hawa wa safari za tarehe 9 Desemba, apitie hapa. Mi nimepanda Kilimanjaro mara mbili. Ya kwanza kwa njia ya Marangu, nikageuzwa juu kidogo ya pango la Hans Meyer. Ya pili kwa Machame, Septemba iliyopita, nikafika kilele cha Uhuru saa moja kasoro asubuhi. Mwili ulikuwa ule ule, mazoezi yale yale ya kupanda ngazi za ofisini na kukimbia Jumamosi. Kilichobadilika ni begi.

Ngoja niwasimulie ile niliyogeuzwa maana ndo imenifundisha. Tulitoka Kibo Hut, kambi ya mwisho, saa sita usiku. Ndani nimevaa singlendi ya pamba, juu sweta mbili, chini jinzi na juu ya jinzi suruali ya mvua. Mikononi glovu za kufuma. Koti zuri la manyoya, lile lililojazwa manyoya ya ndege ndani, nililoazima kwa shemeji nimelikunja ndani ya begi la mgongoni, nikijiambia nitalivaa nikisikia baridi. Sasa ule mlima unapanda taratibu sana, pole pole kweli kweli, lakini jasho linatoka, watu hawaamini hili. Mgongo unalowa pale begi linapokandamiza, na ile pamba ikishanyonya jasho haikauki, inakaa nalo. Tukisimama dakika mbili kuvuta pumzi ni kama mtu kanibandika kitambaa kilichotoka kwenye friza.

Nikasema nitoe koti. Zipu ya begi ina kishikio kidogo cha chuma, kama punje ya mchele, na glovu sikipati kabisa. Nikavua glovu ya kulia nikaibana kwapani. Nilivyoinua mkono kuvuta zipu ikachomoka, upepo ukaenda nayo gizani. Nikaendelea kupapasa ile zipu kwa vidole vitupu, chuma kinaunguza kwa baridi, haifunguki. Mwongozaji akaja akanimulika mkono, vidole vimekuwa vyeupe kama chaki. Akaniambia gusisha dole gumba na kidole cha mwisho. Sikuweza, vilikuwa vinakaribiana halafu vinapishana. Akasema "kaka, tunashuka". Nililia wakuu, na kilichoniuma ni kwamba lile koti lilikuwa mgongoni kwangu muda wote.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ya begi ni hii, kitu ambacho huwezi kukitoa gizani ukiwa na glovu mkononi, hesabu huna. Safari ya pili nilichukua kamba za viatu vya zamani nikakata vipande vya kidole kimoja kimoja nikafunga kwenye kila zipu, ya begi, ya koti, ya suruali, mpaka ya hema. Kazi ya nusu saa sebuleni na haina gharama yoyote.

Sasa hesabu ya baridi, kwa sababu mtu wa Dar akisikia baridi anawaza Lushoto. Kwa wastani kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka nyuzi kama 6 na nusu. Moshi mjini iko kama mita 900 hivi, kilele ni 5,895, tofauti ni karibu 5,000, yani nyuzi 32 zimeondoka. Mchana Moshi ni 25, kule juu tayari uko chini ya sifuri na jua linawaka. Weka usiku, weka upepo, unakuta hasi 10 mpaka hasi 20. Na hewa kule juu presha yake ni kama nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo mwili unahangaika kutafuta oksijeni, nguvu ya kujipasha moto inapungua, na hamu ya kula inakata hapo hapo.

Mavazi ya usiku wa kilele, juu: themo (nguo ya ndani ya kutunza joto) ya kubana isiyo ya pamba, halafu flisi (sweta jepesi la polyesta lenye vinyoya), halafu koti la manyoya, halafu koti la kuzuia upepo na mvua. Chini: themo, suruali ya flisi au ya kutembelea iliyo nene, halafu suruali ya mvua. Jinzi iache Moshi, ikilowa haikauki mpaka unarudi. Na uanze kutembea ukiwa unasikia ka-baridi kidogo, ukianza umejifunika vyote utalowa jasho ndani ya nusu saa halafu utaganda nalo.

Mikono naomba msinielewe vibaya, beba glovu za aina mbili. Nyepesi za ndani ambazo hata ukifungua zipu huzivui, na kubwa za nje, zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja. Zile za vidole pamoja zina joto kuliko za vidole mbalimbali kwa sababu vidole vinapashana. Zifunge kamba zipite kwenye mikono ya koti kama za mtoto wa chekechea, ukizivua zinaning'inia, haziendi popote.

Miguu. Buti zivae angalau mwezi mzima kabla, nenda nazo kazini, nenda nazo sokoni. Nunua jioni mguu ukiwa umevimba, na ubakize nafasi mbele ya vidole, kwa sababu kushuka ndo kunakoua kucha. Siku ya kilele kwa njia ya Machame unatoka Uhuru 5,895 mpaka kambi ya Mweka kama 3,100, siku moja hiyo, kila hatua kidole kinagonga mbele ya kiatu. Kata kucha siku tatu kabla. Soksi nene jozi moja inatosha, mimi mara ya kwanza nilivaa tatu, zikabana mguu damu ikawa haifiki, baridi ikazidi.

Maji. Ule mfuko wenye mrija uko poa sana mpaka kambi ya mwisho, lakini usiku wa kilele mrija unaganda ndani ya saa moja, nilinyonya mpaka mashavu yakauma hakuna kitu. Beba chupa ngumu zenye mdomo mpana, jaza maji ya moto, vika soksi, weka kichwa chini miguu juu ndani ya begi. Barafu inaanzia juu ya maji, kwa hiyo ukiigeuza kinachoganda ni kitako na mdomo unabaki wazi. Hizi chupa za maji za kununua dukani usipange nazo, hifadhi haiziruhusu kupanda. Na mifuko ya plastiki mnajua ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo nguo zako zipange kwenye mifuko ya kitambaa cha nailoni kisichopitisha maji, ya kufunga kwa kukunja mdomo.

Mengine ya haraka haraka: tochi ya kichwani na betri za akiba, miwani ya jua ya uhakika (theluji na jua la kule vinaunguza macho), losheni ya jua, mafuta ya midomo, kofia ya jua na kofia ya sufu, skafu ya shingo, fimbo mbili za kutembelea, gaita za kufunika buti maana ile changarawe ya kushuka kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta kabla ya Uhuru, inaingia kila mahali, tishu, waipu, na slipingibegi (mfuko wa kulalia) ya kuhimili hasi 10 au zaidi.

Kwa leo niishie hapo, wenye uzoefu ongezeni, wenye maswali ulizeni.

BintiSame

Ahsante sana mkuu, hiyo ya kamba za viatu naifanya leo leo. Mimi naondoka wiki mbili zijazo, Machame siku saba. Maswali yangu mawili. Moja, hizo nguo zote nikizinunua mpya mshahara umeisha, nifanyaje? Pili, kuna dada yeyote humu aliyepanda atuambie mambo yetu, maana wanaume mkiandika mnaishia kwenye soksi.

Mama Nasri

Nipo mdogo wangu. Nilipanda kwa njia ya Lemosho nikiwa na miaka 46. Beba taulo za kike hata kama tarehe zako bado, mwili ukichoka vile na ukipanda juu vile unaweza kubadilisha ratiba bila kukuambia, mimi ilinijia siku ya tatu, siku tisa kabla. Weka kwenye mfuko mdogo usioonyesha ndani, na mwingine wa pili wa kurudishia zilizotumika, kila kitu kinashuka na wewe, usifukie.

Halafu khanga. Najua hapo juu imesemwa pamba hapana, na ni kweli kwa kuvaa mwilini ukitembea, ila khanga moja kavu kwenye begi la mgongoni ilinistiri kila siku. Kati ya kambi ya Shira na mwamba wa Lava Tower hakuna kichaka, ni mawe na upepo, unakaa nyuma ya jiwe mwenzio anakushikia khanga. Usiku naitandika ndani ya slipingibegi ya kukodi, sigusani na jasho la waliolala kabla yangu. Nikikosa mto naviringa flisi ndani yake.

Na usiku utakojoa sana, usiogope na usipunguze maji kwa ajili ya hilo. Weka tochi na viatu vya kambi sehemu moja kila siku, mimi kulia mwa kichwa, ili usianze kupekua.

Mgumu wa Umbwe

Nimesoma uzi wote kimya kimya lakini ngoja na mimi nichangie upande ambao hamuuoni. Mimi nilikuwa mpagazi miaka 11, njia za Machame, Umbwe na Rongai, sasa hivi nina bodaboda yangu Kibosho.

Lile begi kubwa mnalofunga nyumbani halipandi lenyewe, linakaa kichwani au kwenye kisogo cha mtu. Mzigo wa mpagazi mwisho ni kilo 20, getini kuna mzani, wanatundika mmoja mmoja. Kwa mgeni inatakiwa begi lisizidi 15, hapo mpagazi anaongezewa vifaa vya kambi, na bado mpagazi ana nguo zake mwenyewe, blanketi lake na kisahani chake. Nimeshaona mtu anapita getini na kilo 14 safi kabisa, akifika kambi ya kwanza anahamisha vitu kutoka begi la mgongoni kwenda begi kubwa kwa sababu bega limemuuma. Asubuhi mimi nanyanyua nasikia kabisa hili sio lile la jana, ila nitasema nini na nataka kazi kesho. Naomba sana msifanye hivyo.

Pili, sanduku gumu la magurudumu, hapana. Pembe yake inakaa hapa nyuma ya shingo, kila hatua inachimba. Leta begi laini, refu, la mikanda. Usining'inize vitu nje, kikombe, viatu, fimbo, vinayumba, na pale ukuta wa Barranco tunapita kwa mikono, kitu kikinasa kwenye jiwe kinamvuta mtu nyuma. Nyie wenyewe pale fimbo mnakunja mnaingiza begini.

Tatu, na hili ndo kubwa. Mimi natoka kambini baada yako nakupita njiani, nafika kabla yako kwa saa mbili au tatu, nakuta kukavu nasimamisha hema. Ukisahau koti la mvua kwenye begi kubwa, koti liko kwangu na mimi siko na wewe. Msitu wa Machame mvua haikupigii hodi. Kwa hiyo begi la mgongoni lazima liwe na koti la mvua, suruali ya mvua, flisi, glovu, kofia, maji, kitu cha kula, dawa zako, tishu, tochi. Tochi hata mchana, kuna watu wanafika kambini saa mbili usiku.

Nne, siku ya kwanza mtazame miguuni mtu anayebeba begi lako. Nimepanda mpaka kambi ya Barafu na raba ambayo soli yake nimeishona kwa waya. Ukiona hivyo mwambie mwongozaji mapema, getini bado kuna namna, kule 4,600 hakuna namna. Na ukishuka, kama una soksi, glovu, buti huzihitaji tena, mpe mwenyewe mkononi.

Mkazi wa Tabata

Mgumu wa Umbwe ahsante sana kaka. Nakiri mbele ya watu wote, safari ya kwanza begi langu lilikuwa na kilo 19 na sikujua jina la aliyelibeba mpaka siku ya nne. Ndani nilikuwa na jinzi mbili, taulo kubwa la kuogea, spika, na kitabu ambacho sikukifungua. Safari ya pili kilo 12 na nusu. Taulo kubwa likilowa ni kilo nyingine nzima anabebeshwa mtu. Beba kitambaa kidogo cha kujifutia, kuoga kule ni beseni la maji ya moto uso na miguu, basi.

BintiSame kuhusu bei, nenda mitumba. Hali ya hewa ya Ulaya ndo hali ya hewa ya kule juu, makoti ya watu wa theluji yanakuja kwenye marobota huku hayana mteja kwa sababu nani atayavaa Dar. Soko la Karume nilipata suruali ya theluji nzima kabisa. Ukiwa Moshi pitia soko la Memorial, pale wanajua unachotafuta kabla hujasema. Soma kile kitambulisho cha ndani ya shingo, ukikuta pamba asilimia 100 rudisha, tafuta sufu, polyesta, nailoni. Puliza kwenye kitambaa mdomo ukiwa umebana, hewa ikipita kirahisi hilo sio la upepo.

Ila buti za mtumba kuwa makini mno. Kuna zile zimekaa stoo miaka kumi, juu zinang'aa, soli ya katikati imeoza kwa ndani. Ikunje kwa nguvu, bonyeza kwa kucha pembeni mwa soli, ukiona inamong'onyoka kama keki kavu iache. Mwenzetu mmoja soli ilibaki Shira nzima nzima, alimaliza safari kafunga kwa utepe wa gundi.

Slipingibegi na koti la manyoya kodi Moshi. Kabla ya kulipa lala ndani ya slipingibegi pale pale dukani, funga zipu mpaka juu, fungua, funga tena. Inue uitazame kwenye mwanga, ukiona sehemu hazina manyoya ni tupu tupu, hapo ndo baridi itaingilia.

Nanyuki Jioni

Salamu kutoka huku Nanyuki wadau. Mimi nimepanda Mlima Kenya mara kadhaa, Point Lenana mita 4,985, na mengi mmesema ni yale yale, lakini niongeze kitu kimoja kuhusu maji ya chini, si ya juu. Huku watu wanajiandaa na barafu halafu wanamalizwa na matope. Ukipandia njia ya Naro Moru kuna kile kinamasi cha kupanda, mguu unazama hadi katikati ya muundi, na ukifika kambi ya Mackinder's ukiwa na soksi zimelowa usiku huo hutalala. Sirimon ni kavu zaidi, unalala kambi ya Old Moses kama mita 3,300 halafu Shipton's 4,200, hapo gaita zinatosha.

Ndio maana nasema usipange begi la "mlima", panga begi la njia. Nilipoenda Rwenzori upande wa Kilembe kule Uganda, buti zangu za bei zilikaa begini karibu safari nzima, watu wanatembea na gambuti, kwa sababu ni bwawa juu ya bwawa. Unabeba gambuti size moja zaidi, soksi nene, na kisha juu kabisa kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, unahitaji buti za kufungiwa meno ya chuma kwa ajili ya barafu, na kamba. Kilimanjaro kwa njia za kawaida hizo kamba na meno ya chuma huhitaji.

Soksi za kulalia ziwe zake, zisiguse buti hata siku moja. Mimi naziweka chini kabisa ya slipingibegi zikikunjwa, huko ndiko zinaishi. Mtumba wetu ni masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, bei elewana na muuzaji asubuhi mapema. Na plastiki za kutupa ndani ya mbuga zetu zilikatazwa tangu Juni 2020, chupa zako ziwe za kurudia.

Fundi Picha

Kwa wanaobeba kamera na simu. Betri haipendi baridi, simu ina asilimia 60 unaitoa kupiga picha kwenye kibao cha Uhuru inazima ghafla, na haijaisha, imepoa tu. Usiku wa kilele simu, betri za akiba na pawabenki vikae mfuko wa ndani, juu ya themo chini ya flisi, karibu na ngozi. Usiku wa kawaida lala navyo. Betri ya tochi badilisha jioni ukiwa hemani una mwanga na vidole vinafanya kazi, usisubiri iishe njiani.

Kamera ukitoka nayo kwenye baridi usiingie nayo wazi kwenye hema la kulia chakula, mvuke utakaa kwenye lenzi na ndani yake. Ifunge kwanza kwenye mfuko usiopitisha hewa huko nje, ingia nayo, iache ipate joto taratibu. Droni acha nyumbani, bila kibali hupiti.

Dada Nesi

Nimefurahi kuona uzi wa namna hii. Naongezea mfuko wa dawa. Dawa zako za kila siku ziwe kwenye begi la mgongoni, kaka mpagazi kashaeleza kwa nini. Mwenye kisukari, insulini ikiganda imeharibika hata ukiiyeyusha, kwa hiyo ikae mwilini sio begini. Mwenye pumu, pampu yake pia ikae ndani ya koti, ikipoa sana haitoi dozi sawasawa. Wengine: paracetamol, dawa ya kuharisha, chumvi chumvi za maji, plasta za malengelenge, bandeji ya kifundo.

Kuhusu Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, naona watu wanapeana kama pipi. Inasaidia mwili kuzoea, ni kweli, lakini muone daktari kabla, hasa kama una mzio wa dawa za salfa au una tatizo la figo, na ijaribu ukiwa nyumbani ujue inakufanyaje. Inaleta kukojoa mara kwa mara na kuchonyota kwa vidole, hiyo ni kawaida yake.

Na kuna kitu cha kubeba ambacho hakina uzito, ni kusema ukweli mwongozaji akikuuliza unajisikiaje. Kichwa kuuma kidogo, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu, sema. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akachanganya maneno, au akahema akiwa amekaa tu na kukohoa povu, huyo hashauriwi kupumzika, huyo anashushwa muda huo huo hata kama ni saa nane usiku. Ubongo au mapafu yanajaa maji, na dawa yake ya kwanza ni kushuka.

kijana wa Sinza

Wakuu na chakula je? Mimi tumbo langu bila ugali halielewi, nibebe nini cha njiani?

Mkazi wa Tabata

Chakula cha kambini kipo na kinatosha, uji wa asubuhi usiuache hata kama hutaki. Cha njiani beba kile unachokipenda ukiwa mgonjwa, sio ukiwa mzima, kwa sababu kule juu utakuwa kama mgonjwa wa homa. Mimi tende zilizotolewa kokwa, kashata za karanga zimevunjwa vipande vidogo kabla sijaondoka, na biskuti za tangawizi. Vipande vidogo kwa sababu vikiganda vinakuwa jiwe, unaweka kimoja shavuni kinalainika chenyewe huku unatembea. Chokoleti nzima nilijaribu kuing'ata pale karibu na Stella, jino liliniuma mpaka Moshi. Weka mfuko wa koti, usiweke begini, usiku ule hutafungua begi kwa ajili ya biskuti.

BintiSame

Mrejesho wakuu. Nimechukua mzani wa dukani kwa mama, ule wa ndoano wa kupimia maharage, nikatundika begi mlangoni. Kilo 17 na robo. Nimemwaga vyote kitandani nikaanza upya. Nimetoa jinzi, taulo, sweta la pamba, shampuu chupa nzima, pasi ya nywele (msiniulize), jozi tatu za soksi na viatu vya tatu. Khanga imeingia, kamba kwenye zipu zote nimefunga, nimejaribu kuzima taa na kuvaa glovu za oveni nikafungua kila mfuko, kila kimoja kimefunguka isipokuwa mfuko wa kando wa koti, nimeongeza kamba. Nimetundika tena. Kilo 12 na nusu na kidogo.

Mgumu wa Umbwe

Hapo sawa kabisa dada. Sasa hiyo nafasi iliyobaki usijaze kitu, iache hivyo hivyo, kushuka nguo zimelowa hazikunjiki vizuri kama zilivyopanda. Na ukifika getini muulize mpagazi wako jina.